Maelezo ya Ankara

Umeniuliza kwa ujumbe wa sauti, Bwana Rwegasira,
sekunde arobaini na tatu nzima:
laki na ishirini ni ya nini
wakati fundi "kapaka grisi tu"?
Nimekusikiliza mara mbili. Mikono ilikuwa michafu,
nikabonyeza kwa kiwiko.

Trela lako lilifika Jumatatu mgongoni mwa Fuso,
halikuja kwa miguu yake.
Gurudumu la kushoto liling'oka Jumapili pale Africana,
likakupita wewe mwenyewe, likaipita bajaji,
likamkosakosa muuza miwa, likalala mtaroni
kama mlevi aliyefika kwao.
Hayo hukuniambia. Kaniambia muuza miwa;
kamuoa dada yangu.

Nikafungua kitovu.
Usicheke, ndivyo kinavyoitwa, na si bure:
mtu hulishwa kitovuni kabla ya kinywani,
na gurudumu nalo uhai wake uko hapo katikati, gizani,
kwenye beringi mbili asizoziona mtu.
Nilichokuta humo si grisi.
Ni uji mweupe wenye kutu, harufu ya kaa aliyeoza,
na beringi ya ndani imeingia ndui.

Nikwambie bahari ilivyopita.
Unatoka Mbezi mbio, kitovu kinachemka.
Unafika, hupumziki hata dakika,
unarudi kinyumenyume mpaka chuma kizame.
Chuma cha moto kikikutana na maji hushtuka,
hewa ya ndani inasinyaa,
kinavuta pumzi.
Anayevuta pumzi chini ya maji
unajua anavuta nini.

Mlango wa kuzuia hayo ni sili, elfu nne dukani.
Yako mdomo umechanika.
Boti ya milioni arobaini, mlango wa pazia.

Basi nimeosha kwa petroli, nimekausha kwa kitambaa.
Nimeweka grisi kiganjani, nikaikandamiza beringi humo
mpaka grisi ikachungulia upande wa pili.
Ndiko "kupaka" kwako huko. Beringi nne.
Nati nimeikaza, nikailegeza, nikairudisha kwa vidole vitupu:
ikibanwa inaungua, ikiachiwa inacheza,
na katikati ya kuungua na kucheza
pana nafasi ya unywele, ndiyo unayoilipia.
Pini ni mpya. Ya zamani ulikuwa umeweka msumari.
Msumari, Bwana Rwegasira.
Nimekutilia kwenye bahasha.

Ekseli nimeigonga kwa nyundo toka huku hadi huku.
Kulia inaitika ngi.
Kushoto inaitika bu.
Haijafa, ila Bagamoyo usiipeleke mwaka huu.

Tairi umesema mpya kabisa, bado zina meno.
Zina meno kwa kuwa hazitafuni.
Zimesimama juani miaka saba, upande mmoja,
mbavu zina nyufa kama kisigino changu.
Tairi haiuawi na safari peke yake,
kukaa nako kunaua.
Baba yangu kastaafu bandarini mwezi wa tatu,
najua ninachosema.

Laki na ishirini. Haipungui.

Ukifika ufukweni safari ijayo, zima gari.
Kunywa soda, ugombane kidogo na shemeji zako,
kisha inama uguse kitovu kwa kiganja.
Kikiukubali mkono wako, ndipo uingie majini.
Ukitoka, kimwagie maji ya bomba,
hata ndoo moja, hata kama umechoka.

Ukiwa na neno, mimi sihami.
Changu kimezikwa hapahapa Mtongani,
nyuma ya gereji, palipokuwa na choo cha zamani.
Uliza Fundi Mwanahawa.
Ukimkuta mwanamke chini ya trela,
usimuulize fundi yuko wapi.